Sumu isiyoonekana majini: Jinsi maabara zinavyoisaka

MWEZI Aprili mwaka 1999, viwanda vya kuchakata minofu ya sangara vilivyo kandokando ya Ziwa Victoria vilijikuta vina samaki lakini havina soko. Umoja wa Ulaya ulikuwa umefunga milango kwa samaki wa ziwa hilo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kufuatia taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga majini dawa za kuulia wadudu wa mashambani ili kupata samaki wengi kwa muda mfupi.

Haikuwa mara ya kwanza kwa wafanyabiashara wa minofu kukumbwa na zuio la namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1997 soko hilo hilo lilifungwa kwa sababu ya mlipuko wa kipindupindu katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, kulikuwa na tofauti kubwa kati ya matukio hayo mawili. Kimelea cha kipindupindu huweza kuoteshwa katika maabara ya kawaida na kutambuliwa ndani ya siku chache. Mabaki ya dawa ya wadudu hayaoti. Ni lazima yatafutwe na yatenganishwe na maelfu ya vitu vingine, kisha yahesabiwe, na kazi hiyo inahitaji mitambo, kemikali na ujuzi ambao wakati ule ulikuwa haba katika nchi zote tatu.

Hapo ndipo penye kiini cha kadhia ile. Wanunuzi wa Ulaya walitaka uthibitisho wa kisayansi kwamba samaki walikuwa salama, na serikali za nchi hizo hazikuweza kuutoa kwa kiwango kilichotakiwa. Mvuvi wa sangara aliyetumia nyavu halali huko kilindini, mbali na ghuba zilizomwagwa sumu, aliadhibiwa sawasawa na yule aliyebeba chupa ya dawa ya pamba ndani ya mtumbwi, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya maabara ya kuwatofautisha.

Je, karatasi hiyo hupatikanaje?

Jambo la kwanza la kufahamu ni udogo wa kiasi kinachotafutwa. Sheria za Umoja wa Ulaya kuhusu maji ya kunywa haziruhusu dawa yoyote moja ya wadudu kuzidi mikrogramu 0.1 katika lita moja ya maji, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mtu anayetaka kupata picha achukue kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaani gramu 5 hivi, akiyeyushe katika mabwawa 20 ya kuogelea ya kiwango cha Olimpiki. Huo ndio mchanganyiko anaokabidhiwa mkemia, naye hatakiwi kusema tu kwamba mna chumvi, bali aseme ni chumvi ya aina gani na ni kiasi gani.

Isitoshe, maji ya ziwa si maji matupu. Yamo mabaki ya mwani na majani yaliyooza, mafuta ya injini za boti, sabuni za wafuaji na maji taka ya miji, na vyote hivyo ni vingi kuliko sumu inayosakwa mara maelfu.

Vitu vinavyotafutwa huitwa kwa jumla vichafuzi vya kikaboni, kwa maana kwamba molekuli zake zimejengwa juu ya atomu za kaboni. Jina hilo halina uhusiano wowote na mboga zinazouzwa kwa bei ya juu kwa kuwa hazikupuliziwa dawa. Miongoni mwake zimo dawa za wadudu zenye klorini kama vile DDT, dieldrin, lindane na endosulfan; zimo kemikali ziitwazo PCB, ambazo zilitumika kwa miaka mingi katika mafuta ya transfoma za umeme; zimo pia masizi na mabaki ya uunguaji wa petroli na kuni, na, katika miaka ya karibuni, mabaki ya dawa za hospitali.

Zile za klorini ndizo zilizoitia dunia hofu kuliko zote, hata ukatiwa saini Mkataba wa Stockholm mwaka 2001, ukiorodhesha kemikali 12 za kudhibitiwa au kupigwa marufuku. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2004, mwaka ambao Tanzania, Kenya na Uganda nazo ziliuridhia. Endosulfan, ambayo ilitumika sana kwenye mashamba ya pamba na ambayo imekuwa ikitajwa mara kwa mara katika uvuvi wa sumu, iliongezwa katika orodha hiyo mwaka 2011.

Tabia mbili za kemikali hizi ndizo zinazoamua namna ya kuzipima. Kwanza, hazivunjiki upesi. Pili, haziyapendi maji, bali hupenda mafuta. Lita moja ya maji safi haiwezi kuyeyusha zaidi ya mikrogramu chache za DDT, lakini katika mafuta DDT huyeyuka bila shida. Kwa hiyo, ikiingia ziwani, haikai majini kwa muda mrefu. Hung'ang'ania chembe za udongo na kuzama nazo hadi kwenye tope la chini, au huingia ndani ya viumbe vidogo. Dagaa hula viumbe hivyo, sangara humla dagaa, na mwanadamu humla sangara. Katika kila hatua kiasi cha sumu ndani ya mafuta ya mlaji huongezeka.

Kutokana na hali hiyo, mtu anayechota maji tu na kuyapima anaweza kurudi na jibu la kufurahisha lakini lisilo la kweli. Maji yanaweza kuonekana safi ilhali tope lililo mita chache chini yake limeshiba sumu ya miaka 30. Ndiyo maana mpango makini wa upimaji hukusanya vitu vitatu kwa pamoja: maji, tope na samaki.

Tope lina faida nyingine. Hutua tabaka juu ya tabaka mwaka baada ya mwaka, hivyo bomba likididimizwa wima na kuchomolewa na nguzo nzima ya tope, mtaalamu hupata kitu kama kitabu cha kumbukumbu. Umri wa kila tabaka hukadiriwa kwa kupima risasi ya mionzi ya asili, na kisha huweza kuonekana ni lini kemikali fulani ilianza kuingia ziwani na ni lini ilipungua.

Wengi hudhani kazi ngumu iko ndani ya maabara, kwenye mitambo yenye taa na skrini. Ukweli ni kwamba sampuli nyingi huharibika kabla hazijafika huko. Maji hukusanywa kwa chupa za kioo cha rangi ya kahawia, rangi hiyo ikiwa ni ya kuzuia mwanga usiivunje kemikali njiani. Chupa huoshwa, husuuzwa kwa kiyeyusho safi na mara nyingi huchomwa katika tanuri kwenye joto la nyuzi 400 au zaidi, ili hata alama ya mafuta ya kidole iteketee. Kifuniko hutandikwa karatasi ya aluminiamu au Teflon.

Chupa ya plastiki, ile ya maji ya dukani ambayo mtu angeifikiria kwanza, haifai kabisa. Vichafuzi hivi hujibandika kwenye kuta zake, na hapo hapo plastiki yenyewe hutoa kemikali zinazoilainisha, nazo huingia kwenye sampuli. Matokeo yake ni kwamba kinachotafutwa hupungua na kisichotafutwa huongezeka.

Mchukuaji wa sampuli naye ni mshukiwa. Endapo alijipulizia dawa ya mbu asubuhi, mikono yake inaweza kuchafua chupa nzima. Boti hutakiwa kuzimwa injini na kuelekezwa dhidi ya upepo, kwani moshi wake una kemikali zile zile zinazotafutwa katika utafiti wa masizi. Chupa hujazwa, huandikwa tarehe, saa, mahali na kina, kisha huwekwa ndani ya sanduku lenye barafu, katika joto la nyuzi 4 hivi. Taratibu nyingi zinazotumika duniani hutoa siku 7 tu kwa maji hayo kufikishwa maabara na kuanza kushughulikiwa. Samaki hufungwa katika karatasi ya aluminiamu na kugandishwa. Kwa mwalo ulio mbali na umeme na barabara ya lami, masharti hayo peke yake ni mtihani.

Baada ya hapo huja kazi ya kuinyofoa sumu kutoka majini. Njia ya zamani, ambayo bado inatumika, ni kumimina lita moja ya sampuli katika faneli kubwa ya kioo yenye bomba la kufungulia chini, kuongeza kiyeyusho kisichochanganyika na maji, na kutikisa kwa nguvu. Kiyeyusho kinachopendelewa ni diklorometheni, ambacho ni kizito kuliko maji. Kemikali zinazopenda mafuta huyahama maji na kuingia ndani yake, nacho hutulia chini na kufunguliwa kama mtu anavyotoa maji katika pipa. Zoezi hurudiwa mara tatu. Kisha kiyeyusho chote hukusanywa na kuvukizwa taratibu hadi kibaki mililita moja, na hivyo kilichokuwa katika lita nzima hujikuta kimebanwa katika ujazo mdogo mara elfu moja.

Njia mpya zaidi hutumia kijibomba cha plastiki safi chenye ukubwa wa sindano ya hospitali, kilichoshindiliwa unga wa silika uliopakwa minyororo ya kaboni. Maji huvutwa kupitia humo. Sumu hunasa kwenye unga, na maji hupita. Baadaye kiyeyusho kidogo, mililita chache tu, hupitishwa kuichukua. Mbali na kuokoa fedha, njia hii humwokoa fundi wa maabara, kwani mvuke wa viyeyusho si wa kuvutwa pafuni kila siku kwa miaka.

Tope na samaki huhitaji nguvu zaidi. Hapa hutumika chombo cha kioo kilichobuniwa na Franz von Soxhlet mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa. Kiyeyusho huchemka chini, mvuke wake hupanda, hupozwa na kudondokea juu ya sampuli iliyokaushwa, kisha hurudi chini kikiwa kimebeba kilichoyeyuka, na mzunguko huo huendelea kwa saa 16 au hata 24. Ni chombo cha kale, polepole na kinachokula umeme, lakini maabara nyingi bado hukiamini kuliko mashine za haraka.

Tatizo la samaki ni mafuta. Kilichonyofolewa kutoka kwenye minofu ya sangara huwa ni mafuta karibu yote, huku sumu ikiwa ni chembe ndani yake, na mafuta hayo yakiingizwa kwenye mtambo huuziba. Ni lazima yaondolewe. Asidi kali ya salfa huyateketeza kwa urahisi na kuiacha DDT ikiwa salama, lakini asidi hiyo hiyo huivunja dieldrin. Mkemia asiye mwangalifu anaweza kuiua sumu anayoitafuta kisha akaandika kwamba hakuiona. Kwa sababu hiyo wengine hupitisha mafuta hayo kwenye nguzo za unga maalumu unaoyazuia na kuiachia kemikali ipite. Tope nalo lina kero yake: huwa na salfa nyingi, ambayo huuchanganya mtambo, na dawa yake ni kutikisa sampuli pamoja na unga wa shaba nyekundu hadi shaba igeuke nyeusi.

Sasa imebaki mililita moja ya kimiminika, pengine yenye kemikali mia kadhaa kwa pamoja. Kuzitenganisha hutumika kromatografia ya gesi, mbinu iliyowekewa misingi na Archer Martin na Tony James wa Uingereza mwaka 1952, mwaka ambao Martin alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Richard Synge kwa kazi yao ya awali ya kutenganisha kemikali.

Ndani ya tanuri ya mtambo huo mna bomba la silika jembamba kuliko mrija wa peni, lenye urefu wa mita 30 na lililokunjwa kama koili. Tone la sampuli hugeuzwa mvuke na kusukumwa na gesi kama heliamu. Kuta za bomba zimepakwa utando unaozivuta kemikali, kila moja kwa kiasi chake. Ni kama kundi la watu wanaoingia Kariakoo kwa pamoja upande mmoja: asiye na haja ya kununua hupita moja kwa moja, mwingine husimama kila duka, na wote hutokea upande wa pili kwa nyakati tofauti. Kemikali moja hutoka dakika ya 12, nyingine ya 18, nyingine ya 25, na kila inapotoka mchoro kwenye skrini huinuka na kushuka kama kilima.

Mlangoni mwa kutokea hukaa kigunduzi. Kwa kemikali zenye klorini, mapinduzi yaliletwa na Mwingereza James Lovelock, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 103. Mwaka 1957 alibuni kigunduzi kinachotumia chanzo kidogo cha mionzi, ambacho siku hizi ni nikeli-63, kutoa mkondo wa elektroni. Molekuli yenye klorini ikipita hunyakua elektroni hizo, mkondo hupungua, na upungufu huo hupimwa. Kifaa chenyewe hutosha kwenye kiganja cha mkono, lakini huona sehemu za trilioni za gramu. Sehemu kubwa ya ushahidi kwamba DDT imesambaa duniani kote, hadi ndani ya pengwini wa Antaktiki, ilitokana na kifaa hicho.

Hata hivyo, kigunduzi hicho kina upungufu mmoja mkubwa. Husema kwamba kitu kimenyakua elektroni katika dakika ya 18. Hakisemi kitu hicho ni nani.

Mfano mzuri wa jambo hili ni kisa cha mkemia wa Sweden, Soren Jensen. Mwaka 1964 alikuwa akipima DDT katika samaki na tai wa Bahari ya Baltiki, akawa anaona kwenye michoro yake vilima vingine ambavyo havikulingana na dawa yoyote ya wadudu aliyoifahamu. Mtafiti mwingine angevipuuza kama uchafu wa maabara. Jensen aliomba manyoya ya tai waliohifadhiwa katika makumbusho tangu karne ya 19 na kuyapima mwaka kwa mwaka. Kemikali ile ngeni ilijitokeza katika manyoya ya mwaka 1944, yaani kabla DDT haijaanza kutumika kwa wingi nchini humo. Kwa hiyo haikuwa dawa ya shambani. Aliikuta hata katika nywele za mkewe na za binti yake mchanga.

Mwaka 1966 alitangaza jina lake: PCB, kemikali ya viwandani iliyokuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1929 bila mtu yeyote kudhani kwamba ingeweza kufika baharini. Pamoja na kufichua uchafuzi mpya, kisa hicho kiliitia shaka idadi kubwa ya vipimo vya DDT vilivyokwisha kuchapishwa, kwani baadhi ya vilima vya PCB hutokea karibu kabisa na vile vya DDT, na wapimaji walikuwa wamevihesabu pamoja.

Dawa ya mkanganyiko huo ni spektrometa ya masi, ambayo leo hufungwa mwishoni mwa bomba badala ya kigunduzi cha Lovelock au pamoja nacho. Kila molekuli inayotoka hupigwa na elektroni hadi ivunjike vipande, na vipande hivyo hupimwa uzito. Kila kemikali huvunjika kwa namna yake, na orodha ya uzito wa vipande huwa kama alama za vidole. Klorini husaidia zaidi, kwa kuwa katika maumbile ina atomu za aina mbili, zenye uzito wa 35 na 37, kwa uwiano wa karibu tatu kwa moja. Molekuli yenye klorini huacha ngazi ya vilima vyenye uwiano unaotabirika, na mtaalamu huweza kuhesabu atomu za klorini kwa kuangalia mchoro tu.

Lakini hata mtambo wa thamani kubwa hausemi kweli wenyewe. Pamoja na kila kundi la sampuli, maabara inayojiheshimu hupima chupa ya maji safi iliyopitishwa katika hatua zote zile zile. Ikiwa chupa hiyo nayo inaonyesha sumu, basi sumu imetoka maabara, si ziwani. Hupima pia sampuli iliyowekwa sumu ya kiasi kinachojulikana: yakiwekwa mafungu 100, yarudi mangapi? Kwa mabaki ya dawa za wadudu, majibu kati ya asilimia 70 na 120 hukubalika kwa kawaida. Maabara bora huongeza kwenye kila sampuli, tangu mwanzo, kemikali ile ile iliyotengenezwa kwa kaboni nzito, ili kiasi kinachopotea njiani kijulikane na kusahihishwa.

Hapa pana neno moja linaloleta utata mwingi katika taarifa zinazofikia umma, nalo ni "haikugunduliwa". Neno hilo halina maana ya sifuri. Maana yake ni kwamba kiasi kilichokuwepo, kama kilikuwepo, kilikuwa chini ya uwezo wa mtambo uliotumika. Tuchukulie samaki mwenye mikrogramu 0.2 za kemikali fulani katika kila gramu ya mafuta. Maabara yenye uwezo wa kuona kuanzia 0.05 itaandika 0.2, ile inayoona kuanzia 0.5 itaandika "haikugunduliwa", na zote mbili zitakuwa zimesema kweli. Waziri anayetangaza kwamba samaki ni safi, na mwanaharakati anayetangaza kwamba wana sumu, wanaweza kuwa wameshika majibu ya samaki yule yule. Swali la kuuliza ni kikomo cha mtambo, nalo huulizwa mara chache mno.

Ugumu mwingine ni wa wakati. Sumu iliyomwagwa ghubani usiku hutawanyika ndani ya siku chache, na chupa iliyojazwa wiki iliyofuata haitaikuta. Kukabili hali hiyo, mwaka 1975 Mmarekani Edward Goldberg alipendekeza kutumia kome wa pwani kama walinzi, kwa vile huchuja maji mchana na usiku na kuhifadhi vichafuzi katika miili yao. Tangu miaka ya 1990 wazo hilo limeigwa kwa vifaa: mifuko myembamba ya plastiki yenye mafuta ndani yake, au vipande vya mpira wa silikoni, huning'inizwa majini kwa wiki kadhaa na kunyonya kemikali polepole. Hutoa wastani wa kipindi kizima badala ya picha ya dakika moja, na kwa nchi yenye ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 na bajeti finyu, huenda ndicho kifaa chenye manufaa kuliko vyote.

Wakati huo huo orodha ya vinavyotafutwa inazidi kurefuka. Dawa za binadamu hazipendi mafuta na nyingi haziwezi kugeuzwa mvuke bila kuungua, kwa hiyo hupimwa kwa mtambo unaotumia kimiminika badala ya gesi. Kwa njia hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliripoti mabaki ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, zikiwamo lamivudine, zidovudine na nevirapine, katika Mto Nairobi. Kwa kemikali za florini zinazotumika katika vikaango visivyogandisha na povu la zimamoto, sheria za chupa hugeuka juu chini: Teflon, iliyosifiwa hapo juu, hupigwa marufuku kwa kuwa ni ya ukoo huo huo, na chupa za plastiki ngumu huchukua nafasi ya kioo.

Tangu mwaka 1999 uwezo wa Afrika Mashariki umekua. Nyegezi, jijini Mwanza, ipo Maabara ya Taifa ya Uhakiki wa Ubora wa Samaki. Jijini Arusha, kazi za iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Kitropiki zilihamishiwa kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamepima udongo na maji ya Vikuge, wilayani Kibaha, ambako viuatilifu vilivyoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, vingine vikiwa vimekwisha muda wake, vilihifadhiwa katika ghala ambalo hatimaye lilibomoka. Mabaki ya DDT yalikutwa ardhini kwa viwango vikubwa.

Gharama, hata hivyo, haijapungua. Spektrometa hufanya kazi ndani ya ombwe ambalo pampu hulitunza saa 24. Umeme ukikatika bila jenereta ya kushika mara moja, mtambo huweza kuchukua siku nzima au zaidi kurudi katika hali yake. Heliamu huagizwa kutoka nje, na kemikali za rejea, ambazo bila hizo hakuna kilima kinachoweza kupewa jina, huuzwa kwa miligramu na huisha muda wake kama dawa za dukani.

Umoja wa Ulaya ulifungua tena soko kwa nyakati tofauti katika mwaka 2000, baada ya nchi hizo kuweka mipango ya ukaguzi na ya kupima mara kwa mara mabaki ya dawa katika maji, tope na samaki. Uvuvi wa sumu haukukoma siku hiyo, na umeendelea kuripotiwa katika maziwa na mito ya ukanda huu.

Kwa wakaguzi wa mialo, maabara inaweza kusema zaidi ya kuwepo au kutokuwepo kwa sumu. DDT ikikaa muda mrefu katika mazingira yenye hewa hugeuka na kuwa kemikali nyingine iitwayo DDE. Samaki mwenye DDE nyingi na DDT kidogo anabeba masalia ya zamani, ilhali mwenye DDT nyingi anaashiria kwamba mtu ameitumia karibuni. Endosulfan nayo huuzwa ikiwa na umbo mbili, na ndani ya mwili wa samaki aliye hai hubadilishwa taratibu kuwa salfeti yake. Sato aliyekutwa na umbo zile mbili za awali kwa wingi, bila salfeti ya kutajika, hakuishi muda wa kutosha kuibadilisha.